Unaenda Mogadishu, Goma au Cabo Delgado kutafuta riziki? Tabia ya kukimbilia kelele iache Dar

FundiJenereta (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu wa Tabata, kapata mkataba wa miezi sita Mogadishu, kufunga na kutunza jenereta kwenye kambi moja karibu na uwanja wa ndege. Mshahara ni mara nne ya anaopata hapa. Dada kalia siku mbili, ya tatu kaanza kuuliza hela itapitia benki gani. Mimi kazi hiyohiyo nimeifanya Juba, Goma na Mogadishu kwa vipindi tofauti, kwa hiyo niliitwa kwenye kikao cha familia nimpe maneno. Yakanishinda kuyamaliza kikaoni, nikaona niyamwage hapa, na ninyi mliokaa Pemba ya Msumbiji, Beni au Khartoum mjazie. Wanaosema "asiende" nawaheshimu, ila mada si hiyo. Watu wanakwenda.

Niwarudishe kwanza Ijumaa ya Agosti 7, 1998. Nilikuwa saidia fundi pale Namanga ya Msasani, naosha kabureta kwa petroli. Saa nne na nusu hivi ukapiga mshindo ambao sikuusikia tena mpaka nilipofika Mogadishu. Mabati ya banda yalitetemeka, vumbi likadondoka kwenye petroli yangu. Unajua tulifanya nini? Tulitoka mbio. Si mbio za kuukimbia mshindo, mbio za kuufuata! Banda zima, spana mikononi, tukaelekea Barabara ya Laibon kuona kulikoni. Njiani tukakutana na wenzetu wa Kinondoni nao wanakuja, kina mama, wanafunzi, muuza kahawa na birika lake. Hakuna aliyejiuliza kama limebaki bomu lingine. Lingekuwepo, uzi huu angeuandika mtu mwingine.

Pale ubalozi wa Marekani walikufa watu 11 na kujeruhiwa 85, na kati ya hao 11 hapakuwa na Mmarekani hata mmoja. Gari la maji lilikuwa getini, likakaa kati ya lori la mabomu na jengo, bila hivyo tungezika wengi zaidi. Nairobi, dakika zilezile, hawakuwa na gari la maji, na wao walizika zaidi ya 200. Sasa mpwa wangu asikilize hapa. Nairobi washambuliaji walianza na guruneti na risasi pale nje. Watu wa ofisi za jirani wakasikia kelele, wakainuka vitini, wakaenda dirishani kuchungulia. Bomu lenyewe likawakuta nyuso ziko kwenye vioo. Ndiyo maana siku ile iliacha vipofu wengi Nairobi. Macho yao yalitolewa na kioo cha dirisha la ofisi yao wenyewe.

Ugonjwa huu wana Dar tunao mwilini. Ajali ikitokea Ubungo, foleni inakuwa ndefu upande ambao hauna ajali. Kariakoo duka likiungua, wanaoangalia ni wengi kuliko wanaotoa mizigo. Morogoro, Agosti 2019, lori la mafuta pale Msamvu: waliokwenda kuchota na waliokwenda kuangalia wanaochota waliungua pamoja, wakafa zaidi ya 100. Na Agosti 25, 2021, yule jamaa mwenye bunduki jirani na ubalozi wa Ufaransa alipoua askari watatu na mlinzi mmoja, simu zilitoka mifukoni kabla risasi hazijakoma. Tulizitazama video zile wote, mimi pia, sijitoi.

Mogadishu tabia hiyo inaua. Oktoba 29, 2022, pale makutano ya Zoobe, lilipuka gari la kwanza. Watu wakajaa, magari ya wagonjwa yakafika, ndipo likalipuka la pili. Wakafa watu wasiopungua 100. Ni makutano yaleyale ambako Oktoba 14, 2017 lori liliua zaidi ya 500. La pili linategwa likiwasubiri waokoaji na washangaaji.

Mwezi wangu wa kwanza kule ulisikika mlipuko mbali kidogo, nikapanda juu ya kontena na simu yangu nirekodi moshi. Mlinzi wetu, mzee wa Kismayu anayeongea Kibajuni, alinirushia ndala ikanipata sikioni. Niliposhuka nikiwa nimenuna akaniambia: "La kwanza si lako. La pili ndilo lako." Ile ndala ilinisaidia kuliko semina yote ya usalama tuliyopewa, ambayo ilikuwa saa mbili za picha za ukutani na soda.

Kwa hiyo mpwa, ukisikia kishindo, lala chini. Kama uko ndani, ondoka usawa wa dirisha, nenda korido au bafuni, mahali penye kuta mbili kati yako na barabara. Baada ya kishindo tarajia risasi, kwa sababu hoteli za kule hushambuliwa hivyo: gari linavunja geti, kisha wenye bunduki wanaingia kwa miguu. Njia ya kutoka ikiwa wazi, kimbia bila begi. Isipokuwa wazi, jifungie, sukumia kitanda mlangoni, zima sauti ya simu mpaka ule mtikisiko wake, halafu toa taarifa kwa maandishi. Usipige kuuliza "vipi huko?" Na sisi wa nyumbani tusikupigie. Simu ya mama inaweza kumwonyesha muuaji kabati ulilojificha.

Chumba usichukue cha mbele chenye mandhari. Omba cha nyuma, ghorofa ya pili au ya tatu, pazia lifungwe muda wote likamate vioo, kitanda kiwe mbali na dirisha. Usijivunie kulala hoteli wanayolala mawaziri. Kule hoteli ya mawaziri ndiyo inayotafutwa.

La mazoea nitalisema kwa kifupi maana linachosha, ila ndilo linalowapata wageni waliokaa muda mrefu. Wiki ya kwanza unaogopa kila kitu. Mwezi wa tatu unakunywa chai kibanda kilekile, saa ileile, na dereva yuleyule, unajiona mwenyeji. Anayekuwinda hahitaji kukufuata, anakusubiri tu.

La mwisho ni la kifamilia, nalo ndilo lililomnyamazisha dada. Tumekubaliana neno. Mpwa ananiita mjomba, kama ipasavyo. Siku akipiga au kuandika akaniita "baba mdogo", nijue ana mtu pembeni anayemlazimisha kusema yuko salama. Mtekaji hawezi kujua ukoo wetu. Wengine tafuteni lenu, msichukue hili, sasa limeshajulikana na jukwaa zima (na mimi na mpwa tutalibadilisha, msihangaike).

Karibuni.

Kiroboto

Mara nne ya mshahara? Mkuu nitumie namba ya wakala kwanza, usalama tutajadili nikishatua.

Utingo Mstaafu

Mleta mada umesema kweli. Mimi nimekula barabara ya Kongo miaka mingi. Kasumbalesa kule kero ni foleni na wezi wa mafuta, ila Kivu ni habari nyingine. Septemba 2016 madereva wenzetu Watanzania walitekwa na wanamgambo wa Mai-Mai Kivu Kusini, malori mengine yakachomwa moto. Waliachiwa, na tuliowafahamu walirudi wembamba wakiwa hawataki tena kusikia neno Kivu.

Kwenye barie, yaani kizuizi cha barabarani, usishuke mpaka uambiwe. Taa ya ndani washa kama ni jioni, kioo shusha, mikono iwe juu ya usukani waione. Hela ndogondogo weka mfuko wa shati, hela ya safari isionekane. Usibishane na mtoto mwenye bunduki, huyo ndiye hatari kuliko kamanda wake. Na usimpe lifti mwenye magwanda hata akuombe kwa machozi. Ukishambeba, maadui zake ni wako.

Kingine, baada ya waasi wa M23 kuingia Goma Januari 2025 na Bukavu mwezi uliofuata, barie zilibadili wenyewe. Karatasi iliyokupitisha wiki iliyopita inaweza kuwa ndiyo inayokuponza wiki hii. Kabla hujawasha gari muulize dereva aliyepita njia hiyo asubuhi ileile. Redio hainitoshi mimi.

Mzalendo wa Kimara

Mnatia watu hofu bure. Ajali inaua Kimara, malaria inaua Kimara, panya road walitukata mapanga hapahapa. Kifo hakina kwao. Mtu akiandikiwa ameandikiwa.

FundiJenereta

Mzalendo, nusu ya maneno yako nakubali kabisa. Niliofanya nao kazi Juba, nikihesabu waliorudi kwenye jeneza, mmoja ni risasi, wawili ni malaria waliyoichelewesha, na mmoja bodaboda. Kwa hiyo mpwa anabeba chandarua kabla ya jaketi la kuzuia risasi, na hapandi pikipiki, awe na haraka asiwe nayo.

Nusu ya pili siikubali. Aliyeandikiwa hafungi mlango kwake usiku? Mbona wewe umeweka nondo madirishani.

Binti Mbagala

Mimi ni ya Khartoum. Mdogo wangu alikuwa anasoma kule vita vilipoanza Aprili 15, 2023. Hapakuwa na dalili wanayoijua wao, walilala salama wakaamka na ndege za kivita juu. Kilichowasaidia ni vitu vidogo mno. Siku ya kwanza, umeme na maji vikiwa bado vipo, kuna dada mmoja bwenini aliwaamuru wajaze kila chombo, mpaka mabeseni ya kufulia. Wengine walimcheka. Siku ya nne hakuna aliyecheka.

Pili, wanafunzi walikuwa na kundi lao lenye kiongozi na orodha ya majina, kwa hiyo ubalozi ulipowatafuta uliwapata kwa mkupuo. Wakatolewa kwa mabasi mpaka Ethiopia, kisha ndege ya ATCL ikawaleta Dar. Ambaye hakuwa kwenye orodha ilibidi atafutwe mmojammoja wakati mtandao unakatika.

Kwa hiyo kaka, huyo mpwa wako ajiandikishe ubalozini mapema. Aulize pia ni ubalozi gani hasa unaohusika na nchi aendayo, maana si kila nchi tuna ubalozi ndani yake. Nakala ya pasi ya kusafiria abaki nayo mama yake hapo Tabata. Na dola taslimu kidogo zishonewe mahali. Benki zikifungwa kadi inakuwa plastiki tu.

Mama yetu hakula siku sita. Nilitaka mjue na hilo.

Kiroboto

Dada Mbagala pole sana. Naondoa utani wangu wa juu.

Nyegerage

Swali, na naomba nisitukanwe. Mimi ni Mkristo. Nasikia hao jamaa wa Al-Shabaab wakivamia wanatenganisha watu kwa dini. Nijifunze shahada kabla sijaenda?

Ustadhi Magomeni

Hutukanwi. Ni kweli wamefanya hivyo. Novemba 2014 karibu na Mandera walisimamisha basi, wakatenga abiria na kuua 28. Garissa, Aprili 2015, waliua watu 148 chuoni na huko nako walibagua. Ila kaa na hili pia: Desemba 2015 walisimamisha basi lingine kaunti hiyohiyo ya Mandera, wakaamuru Waislamu wajitenge. Abiria Waislamu wakakataa, wakawavisha wenzao hijabu na kuwaambia washambuliaji wawaue wote au wawaache wote. Mwalimu mmoja, Salah Farah, alipigwa risasi pale na akafariki Januari iliyofuata. Na ndani ya Somalia wengi wanaouawa na kundi hilo ni Waislamu wenyewe, tena wakiwa sokoni, hotelini na ufukweni.

Kuhusu shahada, kuikariri kama neno la siri ni kujidanganya, wanauliza na zaidi ya hapo. Jifunze salamu, jifunze adabu ya Ramadhani, vaa kwa staha, usibebe chupa. Hayo yatakupatia jirani atakayekuambia "leo usitoke." Huyo jirani ndiye mlinzi wako.

Mmakonde wa Tandahimba

Mmesahau kusini. Cabo Delgado ni jirani kuliko Mogadishu, mtu anavuka Ruvuma anadhani yuko nyumbani maana babu yake alizaliwa ng'ambo. Na kule nako watu wanawaita "Alshababu" ingawa si wale wa Somalia. Walianza Mocímboa da Praia Oktoba 2017. Oktoba 2020 walivuka mto mpaka Kitaya, Mtwara, kwa hiyo asitokee mtu wa kusema hayatuhusu.

Machi 24, 2021 waliingia Palma, watu walikuwa wanajenga mradi wa gesi. Wengi wakajikusanya hoteli moja kungoja kuokolewa. Siku ya tatu msafara wa magari ukajaribu kutoka, ukavamiwa njiani, yakapita baadhi tu. Wengine walioingia porini kwa miguu tangu mwanzo, wakiwa na wenyeji wanaojua njia za mihogo, walipona. Simlaumu aliyebaki hotelini, ningebaki pia. Ila siku ya kwanza unapofika mji kama huo, ukishaweka begi chini, tafuta mwenyeji akuonyeshe njia mbili za kutokea, moja iwe ya miguu.

Na Kiswahili chetu kule ni upanga ukatao kuwili. Wamwani, watu wa pwani ile, lugha yao inakaribiana na yetu, mnaelewana, unapata chai na samaki. Askari naye akikusikia lafudhi ya Bongo na huna karatasi, anakuona mmoja wa wale. Kibali kiwe mwilini, si hotelini.

Mhasibu Kinyozi

Jamani bima. Kaka yangu alipata jeraha Sudan Kusini, mwajiri akasema ana bima, tukasoma mkataba: vita, uasi na ugaidi havihusiki. Yaani bima ya nchi yenye vita isiyolipia vita. Tulichanga ukoo mzima kumtoa.

Kabla ya kusaini muulize mwajiri kwa maandishi: vita na ugaidi vimo? Nani analipia ndege ya wagonjwa, na inampeleka hospitali ya wapi? Mwili ukirudi analipa nani? Maswali machungu, najua, ila wakala anayekasirika ukiuliza hilo la mwisho huyo mkimbie. Na kazi yenyewe ihakikiwe TaESA, wakala wa ajira wa serikali, maana wengine wanaahidiwa jenereta wanakuta wanakabidhiwa bunduki.

Pia angalieni tahadhari za safari za Wamarekani na Waingereza hata kama hamwapendi. Wamarekani wana ngazi nne, ya nne ni "usisafiri", na Somalia imo humo. Tunawasema kwamba wakitutaja sisi wanaharibu utalii, sawa, ila zile za nchi nyingine tunazisoma kimyakimya.

Sista wa Zamu

Nesi hapa, nimetoka zamu sasa hivi. Mmeongea yote isipokuwa damu. Aliyekatwa na kioo au chuma pajani anaweza kuisha damu kwa dakika chache, na gari la wagonjwa, kama mlivyosema, kule linachelewa kwa sababu linaogopa la pili.

Kwa hiyo: kandamiza kwa nguvu zote, kwa kitambaa chochote, usifungue kuchungulia kila mara (Watanzania na kuchungulia!). Kama ni mkono au mguu na damu inaruka, funga juu ya kidonda, vidole vitatu hadi vinne kuelekea mwilini, si kwenye goti lenyewe wala kiwiko. Kuna mikanda maalumu, anunue mbili halisi. Akiikosa, kipande kipana cha khanga na kijiti kigumu, zungusha kijiti mpaka damu ikome. Itauma, atapiga kelele, usilegeze. Andika saa uliyofunga kwenye paji lake la uso. Chuma kilichozama usikichomoe.

FundiJenereta mlete huyo mpwa Jumamosi, nitamfundisha bure. Aje na khanga ya mama yake.

FundiJenereta

Sista asante sana, tutakuja. Dada amesema khanga atatoa ila si ile ya harusi.

Mzalendo wa Kimara

Sista, na mimi nije?

Sista wa Zamu

Njoo. Wewe si umeandikiwa tu?

FundiJenereta

Wakuu, narudisha taarifa, siku kumi na mbili baadaye. Tulienda kwa Sista, kijana kanifunga mguu mpaka nikaona nyota. Mwajiri aliulizwa lile la bima, akazunguka siku tatu, mwishowe akatoa karatasi yenye neno "ugaidi" ndani, imesainiwa. Ameondoka leo alfajiri. Neno tumebadilisha, ila lile la ukoo dada kakataa liondoke, kasema yawe mawili.

Nimekaa hapa gereji tangu saa sita, simu juu ya meza, sifanyi kitu. Saa tisa na dakika kumi umeingia ujumbe: "Mjomba nimefika. Joto kama la Dar tu. Chumba nimepewa cha mbele, nimekataa, nahamishiwa cha nyuma."

Mjomba, wakuu. Kasema mjomba.